Kabla Hujamlipa Fundi Arbuni ya Tela

Mvua za Oktoba zikikaribia, vijijini Kasulu na Kibondo utaona jambo ambalo mgeni halielewi haraka. Lori la Fuso limerudi kinyumenyume mpaka ukingoni mwa barabara, pale greda lilipokata kilima. Bodi lake la nyuma limeshushwa, limelalia udongo mwekundu, na trekta linaingia humo taratibu huku watu wanne wanapiga kelele kwa pamoja, kila mmoja na amri yake. Hakuna ngazi wala winchi. Kilima ndicho ngazi, na pengo lililobaki limezibwa kwa mbao mbili za mninga. Trekta likishaingia, utingo anatupia mawe nyuma ya magurudumu, anazungusha kamba ya katani mara tatu, safari inaanza.

Mara nyingi linafika salama, kwa hiyo anayefikiria kutengeneza tela lake la kubebea trekta huulizwa na jirani zake: la nini, wakati Fuso zipo? Swali ni zuri, na jibu lake linategemea hesabu ambayo wengi hawaifanyi mpaka chuma kimeshanunuliwa.

Kulihamisha trekta kwenyewe hakukwepeki. Operesheni za vijiji za miaka ya 1970 ziliwapanga watu wa huku Buha kandokando ya barabara, mashamba yakabaki mbali. Mwenye trekta dogo hapati heka za kutosha mlangoni kwake. Leo analima Makere, wiki ijayo kaitwa Nyakitonto, baadaye Kifura au Mabamba. Hizo ndizo siku zake za kuingiza fedha, na kila siku inayoliwa na barabara ni heka zimemponyoka.

Barabara nayo imebadilika. Mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilometa 260 hivi, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umegeuza mambo kwa namna mbili. Kwanza, enzi za vumbi, kila gari lilitembea karibu na mwendo wa trekta kwa kuogopa mashimo. Kwenye lami, basi linaruhusiwa kilometa 80 kwa saa huku wewe unatambaa na 20. Pili, yale meno marefu ya tairi la trekta yameumbwa kung'ata udongo. Kwenye lami yenye jua la saa nane yanalika kama kifutio cha mwanafunzi. Anayesema kuendesha trekta kwa magurudumu yake ni bure ajaribu kuulizia bei ya jozi ya tairi za nyuma.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu wanapojidanganya. Massey Ferguson 35, lile la wazee ambalo bado linalima, lina kilo kati ya 1,300 na 1,500. Massey Ferguson 240 linakaribia 1,800. Matrekta madogo ya Kijapani ya farasi thelathini na kitu huwa kati ya tani moja na tani moja na nusu. Ongeza jembe la sahani mbili, kilo mia mbili na zaidi. Kisha uliza kama tairi za nyuma zimejazwa maji ili trekta lisiteleze shambani. Wengi husahau hilo, na kila tairi inaweza kuwa na zaidi ya lita 100, yaani zaidi ya kilo 100. Trekta ulilodhani ni tani moja na robo sasa linakaribia tani mbili kabla hujahesabu tela lenyewe.

Sasa chukua mfano wa kawaida: trekta kilo 1,300, jembe 250, tela la chuma 600. Jumla ni 2,150. Pikapu itakayolivuta, kama ni Hilux, ina uzito wake wa karibu tani mbili. Mkokotwaji ni mzito kuliko mkokotaji. Kupanda si tatizo, injini ya dizeli itavuta. Tatizo ni mteremko wa kuelekea Mto Malagarasi, au ile milima ya Buhigwe kwenda Manyovu, ambako mtoto anamsukuma mama yake mgongoni na mama hana pa kushika. Nchi za Ulaya zimeweka mpaka wa kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, na barabara zao hazina utelezi wa udongo wetu. Ukilipita tela la kubebea trekta linalouzwa huku, inama uangalie nyuma ya rimu. Mara nyingi hutaona ngoma ya breki, na ikiwepo, ni ile iliyokuja na ekseli ya gari bovu, haijaunganishwa na chochote.

Tela la kwanza la nyumbani kwetu lilikuwa hivyo. Fundi, ambaye simtaji, alilitengeneza kwa ekseli moja ya nyuma ya pikapu iliyokufa, akalipaka rangi ya bluu iliyong'aa. Safari ya tatu, tukishuka, lilianza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa mbwa anayemkaribisha mwenyewe. Dereva akakanyaga breki, jambo ambalo sasa najua ndilo baya zaidi, na ule mkono wa chuma unaoshika pini ukaachia pale ulipochomelewa. Namshukuru Mungu palikuwa na mfereji upande wa kulia na wala si mtu. Tulipoliangalia lile ungio, chuma kilikuwa kimeungana kwa juu tu, kama ukoko wa ugali uliobanduka sufuriani. Ndani palikuwa peupe, moto haukuingia. Tulikuwa tumenunua rangi.

Kuyumba kule kulikuwa na sababu yake: trekta tulilisogeza nyuma mno ili bonneti isiguse ukuta wa mbele wa tela. Uzito unaolalia pini ya gari unatakiwa uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Kwa mfano wetu wa kilo 2,150, ni kilo 215 mpaka 320. Ukiweza kuunyanyua mkono wa tela lililopakiwa kwa mikono yako miwili, trekta limekaa nyuma mno. Trekta lenyewe lina sehemu kubwa ya uzito wake kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kulipandisha kwa rivasi kuna faida mbili. Uzito unakwenda mbele ya tela, na trekta haliwezi kuinua pua na kumpindukia dereva katikati ya mbao. Ajali hiyo ya kuinua pua inaua haraka sana, na hutokea kwa mtu anayepanda kwa mbele, gia ya chini, mguu mzito kwenye mafuta.

Kama bado unataka kuchomelesha, kuna vitu nisivyokubali kubishana na fundi. Ekseli ziwe mbili. Ile moja ya pikapu, baada ya kutoa kilo zinazolalia pini, inabaki na karibu kilo 1,900, na hapo imefika kiwango chake cha mwisho au imekipita, kabla ya shimo la kwanza. Kisha soma tairi. Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba ya uzito. 88 maana yake tairi moja inabeba kilo 560, na 106 maana yake kilo 950. Tairi mbili za gari dogo zenye 88 hazifikishi hata kilo 1,200, lakini ndizo utakazowekewa kwa sababu ndizo mtumba wa bei nafuu. Tairi nne zenye 106 zinakupa nafasi ya kupumua. Breki ziwe angalau kwenye ekseli moja, zifanye kazi, na uone mwenyewe zinavyounganishwa.

Aina ya breki iliyo rahisi kupatikana kwenye matela ya mtumba kutoka nje ni ile ya msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mkono wake, na msukumo huo unabana breki za tela. Haihitaji waya wala pampu kutoka kwenye gari. Ubaya wake ni kwamba kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, breki zinashika muda wote, zinapata moto na kuchoka. Dawa ni kushuka kwa gia ya chini tangu kileleni, usisubiri mpaka katikati. Hata hivyo, breki hiyo ninaipendelea kuliko ahadi ya fundi kwamba "mzee, gari lako lina breki za kutosha."

Tela la mtumba la kutoka nje, kwa jumla, huwa na chuma chepesi na ekseli za uhakika, lakini liko chini. Limetengenezwa kwa barabara laini. Likitoka kwenye lami kuingia njia ya shamba la Heru Juu, sakafu yake inalima tuta la katikati kabla trekta halijashuka. Na bearing zake zikifa Kibondo, uwe na subira. Tela la fundi wa hapa lina faida hiyo moja kubwa: ekseli ni ya gari linalojulikana, na vipuri vipo Kasulu sokoni.

Kuhusu makaratasi nitakuwa mfupi. Tela la barabarani husajiliwa TRA kwa namba yake lenyewe, mbali na gari linalolivuta, na linahitaji bima na taa za nyuma zinazowaka. Nenda ukaulize ofisini, na kwa askari wa usalama barabarani anayekagua magari, kabla chuma hakijakatwa. Tela lililokwisha kutengenezwa bila hati za vifaa vyake ni gumu kusajili.

Sasa Fuso na Canter. Canter ya tani tatu inabeba trekta dogo na jembe lake bila kulalamika, na Fuso hata haisikii. Kabla ya kupatana, pima. MF 35 lina urefu wa karibu meta 3 na upana wa meta 1.6 hivi, na jembe likiwa nyuma yake urefu unakaribia meta 4. Canter fupi ina bodi la meta 3 na kidogo, kwa hiyo jembe litafunguliwa au bodi litabaki wazi na jembe likining'inia nje. Usikubali la pili. Angalia sakafu pia. Mbao za bodi lililobeba chumvi na mbolea huoza kwa chini, na gurudumu la trekta ni dogo kwa mguso kuliko gunia.

Bei ya safari haina karatasi, ni maneno. Inapanda magunia ya maharage na mahindi yakiwa mengi barabarani, inashuka dereva akiwa anarudi tupu. Mwenye lori aliyeshusha saruji Kibondo na anarudi Kasulu mikono mitupu atakubali bei ambayo jana yake angekutukana. Patana mambo manne kwa sauti, mbele ya shahidi: nani anatafuta ukingo wa kupandishia na kushushia, subira ya saa ngapi imo ndani ya bei, mkilala njiani nani anamlipa utingo, na trekta likidondoka ni la nani. Hilo la nne huleta ukimya. Ukimya huo ni jibu.

Halafu leta cheni zako mwenyewe. Kamba ya katani ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea, na trekta linacheza ndani ya bodi. Cheni ya milimita 8 yenye alama ya daraja la 80 imepimwa kubeba tani 2. Ile ya duka la vifaa isiyo na alama yoyote ni ya kufungia geti. Chukua nne, mbili mbele na mbili nyuma, zikivuta kwenye pande zote nne za bodi, zimeshika boriti la ekseli ya mbele na nyumba ya ekseli ya nyuma. Usifunge kwenye vyuma vya usukani, utashusha trekta ambalo halifuati mkono. Jembe lishushwe mpaka lilale sakafuni, trekta liwe kwenye gia, breki ya mkono ivutwe. Baada ya kilometa kumi simama ukaze tena, maana cheni ya kwanza huwa imelegea.

Wenye pawatila, yale matrekta ya mkono ya magurudumu mawili, msinifuate mpaka hapa mkidhani haya ni yenu. Mashine ya farasi 12 mpaka 15 pamoja na rotari yake ina kilo 350 mpaka 500. Inaingia kwenye bodi la pikapu ya tani moja, imelala vizuri, haihitaji tela lolote la kubebea. Ila msiipandishe kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kwa sababu uzito wake uko juu na kona moja inatosha.

Hatari ya pawatila ni pale inapogeuka kuwa lori. Zilipokuja kwa wingi na Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, wengi waliona zinavuta mizigo vizuri kuliko zinavyopasua udongo mgumu wa mlimani, na tela lake la nyuma, lile dereva analokalia, likawa usafiri wa mihogo, matofali na, Mungu atusamehe, watu. Na hapa kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii. Pawatila nyingi hukata kona kwa vishikizo viwili vidogo chini ya mikono. Ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakwenda kushoto. Ndivyo ilivyo kwenye tambarare na kwenye kupanda. Ukiwa unashuka na tela zito linakusukuma, injini haivuti tena, inazuia. Ukibana kushoto, unaliachia gurudumu la kushoto likimbie huku la kulia limeshikwa na injini. Pua inakwenda kulia. Kijana aliyejifunza kwenye uwanja wa mpira anabana zaidi upande uleule, na mashine inazidi kumpeleka asikotaka, kwenye korongo au kwenye lori linalopanda.

Kwa hiyo kwenye mteremko usiguse vishikizo hivyo. Sukuma mikono ya mashine kwa mwili, shuka na gia namba moja au mbili uliyoiweka ukiwa bado kileleni, na tumia breki ya mguu ya tela. Tela la pawatila lisilo na breki ya mguu lisinunuliwe hata kwa nusu bei. Hilo nalisema bila kupunguza neno.

Turudi kwenye fedha. Sikuandikii bei za leo, kwa sababu ukiisoma makala hii chuma na dizeli vitakuwa vimeshasogea. Bei za juu za dizeli za Kibondo na Kasulu utazipata kwenye orodha ya EWURA inayotoka kila mwezi, na huku juu, mbali na bandari za pwani, huwa miongoni mwa kali nchini. Weka namba zako kwenye hesabu hii. Tuseme, kwa mfano tu, fundi anataka milioni 8 kwa tela lenye ekseli mbili na breki, Canter inakutoza 350,000 kwa safari, na ukivuta kwa pikapu yako safari hiyohiyo inakula 150,000 za mafuta na posho. Unaokoa 200,000 kila safari. Milioni 8 inarudi baada ya safari 40. Ukihama mara nane kwa mwaka, ni miaka mitano, kabla ya tairi, bearing na bima. Na hiyo ni kama pikapu unayo tayari. Kama pikapu nayo ni ya kukodi, funga daftari.

Linganisha na kuliendesha lenyewe. Trekta la farasi 35 lisilo na mzigo linakula kama lita 4 au 5 kwa saa. Kilometa 60 kwa mwendo wa 20 ni saa tatu, lita 12 mpaka 15. Canter kwenda na kurudi kilometa 120 inakula lita 18 au 20, na hizo zimo ndani ya bei unayotozwa. Kwa dizeli peke yake, magurudumu yenyewe yanashinda. Yanashindwa kwenye tairi, kwenye saa sita za dereva akienda na kurudi, na kwenye lile basi linalotokea nyuma kwenye kona.

Uamuzi wangu, baada ya tela moja la bluu mferejini, ni huu. Ndani ya kata na kata jirani, chini ya kilometa 20, endesha trekta lenyewe, alfajiri kukishapambazuka, jembe limenyanyuliwa na kufungwa kwa cheni, pembetatu nyekundu nyuma, na pita kando ya lami kwenye udongo kila panapowezekana. Kutoka Kasulu kwenda Kibondo, mara mbili tatu kwa msimu, kodi Canter ndefu inayorudi tupu, uje na cheni zako. Tela nunua ukiwa unahama zaidi ya mara kumi na tano kwa mwaka, au mkiwa wenye matrekta watatu wanne mnaoaminiana kiasi cha kuchangia tairi. Wanaoaminiana kiasi hicho ni wachache kuliko matela.

Na ukifika kwa fundi, usimpe arbuni kwa mchoro. Mwombe akuoneshe tela alilomtengenezea mtu mwingine miaka miwili iliyopita. Inama chini yake, gusa maungio ya mkono wa mbele kwa kidole, tafuta ufa, uliza breki zilifungwa lini mara ya mwisho. Akikosa la kukuonesha, tafuta fundi mwingine.